Majogoo Saba wa Mama

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha nyuma kinachotazama mabanda,
Jumapili, 19 Julai.

Mpendwa mdogo wangu, Pora,

Hujambo? Hujambo tena? Nauliza mara mbili kwa sababu kwenye simu ukiulizwa mara moja husema "mzima" kabla swali halijaisha, kama mtu anayefukuza nzi. Natumaini barua hii itakukuta na afya, kile kikohozi cha mwanzo wa mwaka kimekuachia, na wenzako wa chumba kimoja hawakumalizii sabuni. Sisi hapa ni wazima, uzima wa kujikongoja. Baba anatembea, anakula kidogo, macho ndiyo hayo hayo. Shemeji yako bado anachomelea mageti ya watu huku geti letu linakwama. Mimi naendelea na pasi pale dukani kwa dobi, na mgongo unanikumbusha umri wangu kila jioni.

Na kazi je? Nimesikia wamekupandisha, siku hizi wewe ndiye unayewasimamia wenzako ghalani. Watu husema jogoo la shamba haliwiki mjini, lakini wewe naona umeanza kuwika. Mama angesikia hilo angecheka mpaka akae chini.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ipo. Kuna jambo nimejaribu kukwambia kwenye simu mara nne, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama huko kuna baridi. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, nami siwezi kukusikia ukinyamaza. Basi naliandika.

Unakumbuka mwezi wa pili uliponiuliza, "Dada, mbona siwasikii majogoo wa Mama?" Nikakujibu kwamba simu yangu ni mbovu, haishiki sauti za mbali. Simu haikuwa na kosa lolote. Hukuwasikia kwa sababu hawapo. Wote saba walichinjwa siku ya mazishi, na aliyesema wachinjwe ni mimi.

Nimeandika maneno hayo nikainuka nikaenda kunywa maji. Sasa nimerudi.

Umeondoka miaka tisa sasa, labda umesahau namna Mama alivyowapanga kuku wake, kwa hiyo nikukumbushe. Alipoolewa alikuja hapa na mitetea watatu wa rangi ya majivu na jogoo mmoja, amepewa na mama yake. Kila mtetea akamjengea chumba. Ni vyumba hivi hivi vitatu ninavyoviona dirishani sasa, vimeegemea ukuta wa nyuma, na milango yake ya mbao na waya. Kila kifaranga wa kike alibaki chumba cha mama yake mpaka kufa. Kila dume alihamia chumba kinachofuata: wa cha kwanza akaenda cha pili, wa cha pili akaenda cha tatu, wa cha tatu akazunguka kwenda cha kwanza. Uzi mwekundu mguuni kwa chumba cha kwanza, mweusi kwa cha pili, mweupe kwa cha tatu. Hivyo hakuna jogoo aliyempanda mama yake wala dada yake. Kwa miaka arobaini Mama hakuleta jogoo wa mtu hapa, na kuku wake hawakudumaa wala kupinda vidole.

Tena majogoo hawakukaa na mitetea mwaka mzima. Walikuwa na uga wao kule nyuma ya tangi la maji. Watatu walikuwa mabwana wa msimu, wanne wa akiba. Mara mbili kwa mwaka Mama aliwaingiza vyumbani, kila mmoja kwake, wiki tatu, kisha akawatoa. "Wakikaa zaidi," alikuwa akisema, "mitetea watabaki bila manyoya mgongoni na sisi tutabaki bila usingizi." Ule uga tuliuita Kambi ya Makapera. Wewe ndiye uliyeubatiza, uko darasa la sita, na Baba akakufinya sikio huku anacheka.

Mwezi wa kwanza msimu ulikuwa umekwisha. Jumatatu Mama aliwatoa majogoo vyumbani, tayari anashika mbavu, na Ijumaa tukampeleka hospitali. Akalala huko siku sita. Yaliyofuata unayajua, na mkono wangu hautaki kuyaandika.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa hadi barazani. Mama alikuwa amelazwa sebuleni, mimi nimekaa miguuni pake. Kule nyuma majogoo wakaanza. Unawajua wakiona wageni. Mmoja anaanzisha, wa pili anadakia, mpaka wote saba, halafu yule Msafiri anafunga kwa ile sauti yake ndefu. Watu wanalia, wao wanawika. Niliziba masikio, haikusaidia. Niliona kama ninatukanwa. Mtu aliyewalisha kwa mkono wake amelala pale, ubaridi umemwingia, na wao wanaisalimu asubuhi kana kwamba hakuna lililopungua.

Ndipo akaja mama mkubwa, mikono imejaa majivu ya jikoni, akainama sikioni kwangu.

"Mwanangu, watu wameongezeka, chakula hakitatosha. Tuchinje kuku gani?"

"Chinjeni hao wanaopiga kelele."

"Wote?"

"Wote, mama mkubwa. Niondoleeni hizo kelele."

Yeye hakujua. Hajawahi kulala hapa zaidi ya siku mbili. Kwa mgeni ule uga unaonekana kama banda la kunenepeshea: madume matupu, wanono, hawatagi, wanangoja kisu tu. Mtu yeyote mwenye akili zake angesema hao ndio wa kuanza nao. Mimi ndiye niliyejua. Nimewabebea maji tangu nina miaka saba. Hasira hasara, tulifundishwa shuleni, na nadhani mimi ndiye niliyeitikia kwa sauti kuliko wote.

Kelele zikaisha moja moja. Nilizihesabu zikiisha, na Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Msafiri alikuwa wa tano au wa sita, sauti yake niliitambua. Huyo jina alipewa na Mama mwaka ulioondoka wewe, na kila aliyekufa alirithiwa jina na mwanawe. Huyu alikuwa Msafiri wa tatu, na msimu ule ndiye aliyekuwa bwana wa chumba cha tatu. Asubuhi Mama alikuwa akimwaga punje na kumuuliza yeye peke yake, "Umekula? Umelala vizuri?" Wengine hakuwauliza. Sikukwambia hili zamani kwa sababu ungejidai.

Nyama yenyewe sikuila. Baba aliletewa sahani akala vipande viwili. Kama alijua anakula nini, sijamuuliza mpaka leo.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyeamka. Jua lilitukuta usoni, saa mbili, nyumba nzima, wageni waliolala chini wanaulizana saa. Nilimkuta Baba ameketi ukingoni mwa kitanda, viatu amevaa, mikono juu ya magoti. Alikuwa macho tangu alfajiri lakini hakuwa na hakika kama kumekucha. Macho yake hayamwambii tena vizuri, na waliokuwa wakimwambia walikuwa wamekwisha.

"Wako wapi?" akaniuliza.

Nikapiga magoti nikamweleza.

Ningependa angenizaba kofi. Ningejua pa kuanzia. Badala yake aliweka mkono juu ya kichwa changu, akasema, "Liwike lisiwike, kutakucha." Methali tu, tumeisikia tangu utoto. Lakini alipofika kwenye "kutakucha" sauti ikamkatika, na hapo ndipo nilipomsikia Baba akilia. Makaburini hakulia.

Utasema, si mnunue jogoo mwingine, soko limejaa. Hata shemeji yako alisema hivyo, akaenda akarudi na jogoo mwekundu, mzuri, amefungwa miguu. Baba alimpapasa kifua, akasema ahsante mwanangu, akamwomba ampeleke kwa jirani. Jogoo yule angewapanda mitetea na vifaranga wangetoka, ndiyo. Lakini wasingekuwa wale tena. Mwaka wa kwanza nusu, mwaka wa pili robo, halafu ni kuku tu kama wa kila mtu. Nilikumbuka kwamba Mama aliwahi kumpa mama mkubwa jozi moja, nikapanda gari hadi kwake kuulizia. Kuku wake wanalala mtini na wa majirani zake. Nilimkuta kifaranga mmoja mwenye rangi ya majivu mkiani tu. Nilirudi mikono mitupu, na mama mkubwa akabaki mlangoni analia, kwa sababu ilibidi nimwambie kwa nini nilikwenda.

Lakini nimeruka jambo. Siku ya tatu baada ya mazishi nilikuwa nafagia chumba cha Mama. Ufagio ukagonga kitu chini ya kitanda, kule ukutani kwenye ubaridi. Kikapu. Ndani yake maranda ya mbao, na ndani ya maranda mayai kumi na nane. Kila yai lina alama ya penseli: kistari kimoja, viwili, au vitatu, vya mkono wa Mama, vimelala upande kidogo kama alivyokuwa akiandika kila kitu. Alikuwa ameyakusanya ya kuatamisha. Alinuia kuyaweka Jumamosi, na Ijumaa ndiyo tukampeleka hospitali.

Nilikaa sakafuni na kikapu mapajani. Siku zile nilikuwa sijalia sawasawa, nilikuwa na kazi nyingi mno. Nililia pale kwa vile vistari.

Baba akasema yamekaa mno. Bwana mifugo naye, nilipompigia, akasema hivyo hivyo: yai likipita siku kumi ni bahati nasibu, na haya hayakugeuzwa tangu Mama aondoke. Ya karibuni yalikuwa na siku kumi, ya zamani kumi na saba. Nikamuuliza kuhusu mayai mapya, maana mitetea walikuwa wanataga bado. Akaniambia mtetea hubaki na mbegu ya jogoo wiki mbili hivi, akizidi sana tatu, na kila siku inayopita hupungua. Mayai ya zile wiki mbili, mdogo wangu, tulikuwa tumewakaangia wageni.

Kwa hiyo tulikuwa na kikapu kile tu. Katika kuku wetu hakuna aliyetaka kuatamia. Fundi cherehani wa jirani akatuletea wake, mweusi, mkali kama mwenyewe, mdomo hauna breki. Akasema, "Mama yenu alinipa mayai mwaka niliofiwa. Huyu atalala hapa mpaka atakapochoka." Tukamlaza stoo juu ya mayai yote kumi na nane, mengi kwake, ikabidi atandaze mabawa kama mtu anayezuia mlango.

Siku ya nane tukafunga dirisha la stoo, Baba akashika mayai, mimi nikamulika kwa tochi kupitia tundu la kadibodi, kama Mama alivyotufundisha. Naona mwanga mtupu. Naliweka kando. Mwanga mtupu. Naliweka kando. Baba hakuweza kuona, akawa anauliza kila mara, "Je?" Na mimi nasema, "Hapana, Baba." Nimesema "hapana" mara kumi na moja mchana ule. Saba yalikuwa na mishipa.

Siku ya kumi na tisa, mimi nikimsomea alama, Baba aliyatenganisha yale saba kwa vipande vya kitambaa, kistari kimoja huku, viwili huku, vitatu kule, ili atakayetoka ajulikane ni wa nani. Siku ya ishirini na moja wakatoka watatu, siku ya pili mmoja. Mengine matatu yaliviza. Wale wawili wa kistari kimoja walikuwa wazima. Wa vistari viwili alitoka na mguu uliopinda, akafa siku ya tatu katika kiganja cha Baba. Wa vistari vitatu alikuwa mdogo kuliko wote, wa mwisho, analia mfululizo.

Baba alifunga nyuzi mwenyewe. Haoni uzi, lakini vidole vyake vinajua. Kila wiki mbili alizifungua na kuzilegeza kwa sababu miguu inakua. Nilijitolea kumsaidia akanikatalia, kwa upole, na nilielewa. Hakuwa ameniambia neno baya hata moja. Ila nyuzi hakunipa.

Sasa tukaanza kungoja jike na dume. Kama wote watatu wangekuwa majike, basi, ndio mwisho: vyumba vitatu vya mitetea vinazeeka, vinapungua, na kazi ya Mama inaisha kwa sababu ya maneno yangu manne. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye pasi nilikuwa nawainua wale vifaranga kuangalia undu wa kichwani umeanza kuwa mwekundu au la, miguu imenenepa au la. Binti yangu akaniambia, "Mama, utawachosha hata kabla hawajajua wao ni nani." Wiki ya tano sikuona kitu. Wiki ya saba wale wawili wa uzi mwekundu walionyesha wazi: majike, wazuri, wapole. Nilimwambia Baba. Akasema, "Bado mmoja."

Wiki ya tisa yule mdogo, wa uzi mweupe, alisimama mbele ya bakuli la maji, akanyoosha shingo na kumrukia mmoja wa wale majike kifuani. Baba alisikia purukushani akaniuliza kuna nini. Nikamwambia, "Baba, huyu anagombana." Akatabasamu. Tangu mazishi nilikuwa sijaona tabasamu lake.

Ni mtoto wa Msafiri. Ni yeye tu aliyebaki.

Na mimi sikustahili, lakini nilimwita Msafiri.

Sasa nikwambie na la pili, maana nikishaanza kuungama niungame yote. Siku ile ya mazishi watu waliuliza uko wapi. Mtu wa kwanza nilimjibu vizuri, kwamba kazini hawakukuruhusu. Wa pili pia. Wa kumi nilimwambia mbele ya watu kwamba una moyo wa jiwe, kwamba mwanamume akishapata mshahara husahau titi alilonyonya. Baba alikuwepo. Nilisema nikiwa na uchungu, lakini nilisema, na baadhi ya walionisikia wanaweza kukufikishia. Ni afadhali uyasikie kwangu. Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nimeshachinja majogoo saba, nikatafuta na wa nane.

Ukweli ni kwamba Mama hakukulaumu hata siku moja. Watu walipomuuliza mbona mwanao harudi, aliwajibu, "Nimemhamisha chumba tu. Dume halirudishwi kwa mama yake." Wakacheka, naye akacheka. Ila hospitali, siku ya nne, nilikuwa namfuta uso akaniuliza kama umepiga simu. Nikasema umepiga, unaendelea vizuri. Akasema, "Angekuwa jogoo, ningejua yuko chumba cha ngapi." Hakucheka. Nilidhani ni homa. Nimelifikiria neno hilo miezi sita, na sidhani tena kwamba ilikuwa homa.

Turudi kwa Msafiri. Wiki tatu zilizopita aliwika kwa mara ya kwanza, alfajiri. Nitumie neno kuwika kwa heshima tu. Ilikuwa sauti imekwaruza, imepanda, imekatikia katikati, kama yako ulipokuwa unabalehe na ukatumwa kusoma mbele ya shule nzima. Ndiyo maana Mama alikuita Pora, jogoo kijana anayejifunza kuwika, usijifanye umesahau. Nilikurupuka kitandani. Nilipofika ukumbini Baba alikuwa tayari mlangoni, peku, mkono kwenye fremu. Akasema, "Kumekucha." Nikasema, "Ndiyo, Baba, kumekucha." Tukasimama pale mpaka yule kijana akajaribu tena, vibaya zaidi.

Alhamisi iliyopita bwana mifugo alimwangalia akasema amekomaa, anaweza kuingizwa. Dume wa chumba cha tatu huenda chumba cha kwanza, hiyo ndiyo kanuni. Lakini nataka uelewe hesabu yake, kwa sababu Baba ameifanya nami nimeisikia. Msafiri anaweza kukaa chumba cha kwanza tu. Wanawe wa kiume watakaotoka humo ndio watakaoingia cha pili, mwakani. Na wajukuu zake ndio watakaoingia cha tatu, mwaka utakaofuata huo. Mpaka hapo mitetea wa chumba cha tatu, wale aliowapenda Mama kuliko wote, watakuwa vikongwe. Labda watataga, labda hawatataga. Maneno yangu manne yatachukua hadi mwaka wa tatu kurekebishwa, kama yatarekebishika.

Nikamwambia Baba, "Tutafika." Akajibu, "Nyinyi mtafika." Daktari amemwambia kuhusu moyo wake, naye ameniambia mimi, na mimi sasa nakwambia wewe. Si wa kesho wala keshokutwa. Lakini si wa hesabu ndefu.

Baba mwenyewe alimbeba Msafiri kutoka Kambi ya Makapera hadi chumba cha kwanza, hatua kama ishirini, bega langu likiwa fimbo yake. Pale mlangoni akasimama. Unajua alichokuwa anasema Mama kila alipomhamisha jogoo. Ndicho alichokwambia wewe siku unaondoka, hapo hapo getini, begi lako likiwa kichwani kwa shemeji: "Nenda mbele, nyuma nipo mimi." Baba akamwinamisha yule jogoo mlangoni, akasema, "Nenda mbele." Akafungua mdomo tena, akaufunga. Nilielewa kwamba hawezi kulimaliza, kwa sababu aliyekuwa nyuma hayupo.

Nikamalizia mimi. Nikasema, "Nyuma tupo sisi." Baba akamwachia, jogoo akaingia kwa madaha, akasimama katikati ya mitetea kumi na mmoja waliomzidi ukubwa, ameduwaa. Kisha Baba akatoa mfukoni kile kikopo cha nyuzi za Mama, akanipa.

Sasa nakuachia salamu. Baba anakusalimu, anasema ule vizuri, uache kunywa chai tupu. Shemeji yako anakusalimu, anauliza kama huko watu wanachomelea mageti. Binti yangu anakusalimu, amekuwa mrefu kuliko mimi, na ana mdomo kama wako. Mama mkubwa anakusalimu. Ukipata nafasi mpigie, umwambie hana kosa, mimi nimemwambia lakini haniamini. Fundi cherehani anakusalimu pia, anasema ukija ulete kitambaa, atakushonea suruali inayofika kwenye viatu. Wasalimie wenzako wote wa hapo chumbani.

Mungu akulinde usingizini na barabarani, akuzidishie pumzi na riziki, na aliyekubeba ukiwa mdogo apumzike kwa amani huko alikolazwa.

Neno la mwisho, halafu nikapige pasi. Simu ya mwezi uliopita nilipokuuliza lini utakuja, ulinijibu kwa mzaha, "Mama mwenyewe alisema dume halirudishwi." Nilicheka ili ucheke. Sasa sicheki. Kanuni ile Mama aliwawekea majogoo, hakukuwekea wewe. Njoo Baba angali anaijua sauti yako. Geti bado linakwama chini. Liinue kidogo, kisha usukume.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekufundisha kufunga viatu.